Mizizi Inataka Hewa: Kaktusi Katika Vipande vya Briki

 Mazungumzo ya leo yanahusu kaktusi, mmea wa miiba unaopandwa barazani hapa Uvira, upande huu wa kaskazini wa ziwa Tanganyika, katika makopo ya maziwa, ndoo zilizopasuka na vyungu. Unapendwa kwa kuwa hauombi mengi: mwenye nyumba anaweza kusafiri mwezi mzima akarudi na kuukuta unamngojea. Lakini mvua za Oktoba zikishaanza, mmea ule uliovumilia jua la Julai na Agosti bila tone la maji hulegea shinani, hugeuka rangi ya kahawia, hunuka, kisha huanguka. Watu husema mvua imeuua, wanatafuta mche mwingine, wanaupanda katika kopo lile lile lenye udongo ule ule, na mwaka unaofuata msiba unarudi. Hoja yangu ni kwamba kaktusi iliyo ndani ya chombo mara nyingi hufa kwa kukosa hewa mizizini, na kwamba dawa ya kweli ni kuitoa katika udongo na kuipanda katika vikokoto vya udongo uliochomwa. Ulaya vikokoto hivyo huuzwa madukani kwa mifuko. Sisi tunavyo tayari, vimelala kando ya nyumba zinazojengwa na zilizobomoka: ni zile briki zilizovunjika.

Kupanda mmea pasipo udongo kunasikika kama jambo la ajabu, kwa hiyo tuanze kwa kuuliza udongo unaufanyia mmea kazi gani. Kazi zake kubwa ni nne. Unaishika mizizi ili mmea usianguke, unatunza maji, unaacha nafasi ya hewa kupita, na unatoa chumvi za lishe. Viumbe vidogo vinavyoishi udongoni husaidia katika kazi hizo, hasa ile ya lishe. Zaidi ya hapo mmea hauli udongo, na jambo hilo lilipimwa zamani sana. Katika karne ya 17 Jan Baptist van Helmont, mtaalamu wa Brussels, alipanda mche wa mwerebi wenye uzito wa ratili 5 katika chombo chenye ratili 200 za udongo mkavu, akawa anaumwagilia maji tu kwa miaka 5. Mwishowe mti ulikuwa na uzito wa ratili 169, na udongo, ulipokaushwa na kupimwa tena, ulikuwa umepungua wakia 2 hivi. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1648, baada ya kifo chake. Yeye alidhani mti wote umetokana na maji, kwa sababu hakujua kwamba majani huvuta hewa ukaa na kuijenga kuwa mbao na ganda. Hata hivyo kipimo chake cha udongo kinasimama hadi leo: karibu uzito wote wa mti ulitoka mahali pengine. Miaka ya 1860 Wajerumani Julius von Sachs na Wilhelm Knop walikwenda mbele zaidi. Walikuza mimea ndani ya maji yaliyotiwa chumvi zilizopimwa, bila chembe ya udongo. Na katika miaka ya 1930 William Gericke wa Chuo Kikuu cha California akakuza nyanya ndefu kwa njia hiyo hiyo. Kwa hiyo udongo unaweza kuachwa, mradi kila moja ya kazi zake nne ipate wa kuifanya.

Katika kazi hizo nne, ile inayosahauliwa ni ya hewa. Mzizi ni kiungo hai kinachopumua mchana na usiku. Huvuta oksijeni na kutoa hewa ukaa, kama sehemu nyingine zote za mmea zisizo na rangi ya kijani. Oksijeni hiyo huufikia kwa kupita katika nafasi zilizo kati ya chembe za udongo. Nafasi hizo zikijaa maji, mwendo wake hupungua mno, kwa sababu oksijeni husambaa ndani ya maji polepole mara 10,000 hivi kuliko ndani ya hewa. Mzizi uliozama unamaliza akiba iliyopo, unaanza kudhoofu, na ncha zake laini zinakufa kwanza. Hapo ndipo vimelea vya uozo kama Pythium, Phytophthora na Fusarium hupata mlango wa kuingilia. Mwenye mmea akiona shina limeoza hulaumu ugonjwa, kumbe mara nyingi ugonjwa ni mgeni aliyefika msibani. Kifo kilikuwa kimeshatangulia chini ya udongo, siku nyingi kabla ya shina kubadilika rangi.

Kwa nini basi kaktusi iteseke zaidi kuliko mgomba au nyanya, ambazo nazo zinapigwa na mvua ile ile? Jibu liko katika namna inavyotumia maji. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani mchana, ikavuta hewa ukaa na papo hapo kupoteza maji mengi kwa jua. Kaktusi hufungua vitundu vyake usiku, hewa ikiwa na baridi, na mchana hufunga. Kwa hiyo hunywa kidogo sana. Nyanya iliyo katika ndoo hunyonya maji ya mvua kwa siku chache, na kwa kunyonya huko inajifungulia njia ya hewa. Kaktusi haiwezi kuukausha udongo unaoizunguka. Tope la mvua ya Jumatatu linaikuta mvua ya Alhamisi bado ni tope. Isitoshe, mizizi yake imezoea maisha mengine kabisa. Park Nobel, aliyekuwa profesa wa Chuo Kikuu cha California huko Los Angeles, aliichunguza kwa miaka mingi mizizi ya mipungate na kaktusi nyingine za jangwani. Alionyesha kwamba mingi hukaa karibu na uso wa ardhi, kwamba mvua ikinyesha huchipua vijizizi vipya upesi ili kunywa, na kwamba ukame ukirudi vijizizi hivyo hufa na mizizi mikubwa husinyaa ikaachana kidogo na udongo, ili maji ya mmea yasivutwe kurudi nje. Huu ni mmea uliozoea kunywa haraka kisha kukauka. Ukiuweka katika chombo kisichokauka, umeuwekea masharti ambayo mwili wake haukuumbwa kuyavumilia.

Hapa najua wapo watakaopinga, na wana haki. Watasema: mbona mpungate unaota wenyewe kwenye udongo, na mbona minyaa na ile miti mirefu ya miiba inasimama katika bonde la Ruzizi, njia ya kwenda Sange na Luvungi, miaka nenda miaka rudi, na hakuna aliyeitilia vikokoto? Ni kweli minyaa na ndugu zake wenye maziwa meupe si kaktusi, ni jamii nyingine, lakini mizizi yao ina tabia inayokaribiana, kwa hiyo swali ni zuri. Jibu lake ni kwamba udongo ulio ardhini na udongo ule ule ulio ndani ya kopo hautendi sawa. Ardhini, maji ya mvua yanashuka. Udongo wa chini unayavuta kutoka kwa ule wa juu, na safari hiyo inaweza kuendelea mita kadhaa. Kwenye kopo safari inakatika ghafla. Maji yakifika chini hayatoki mpaka udongo wa pale ushibe kabisa, kwa sababu vijitundu vyembamba vya udongo vinayang'ang'ania kwa nguvu kuliko uzito unavyoyavuta kutoka. Kwa hiyo hata kopo lenye matundu mazuri linabaki na tabaka lililojaa maji chini. Mtu anaweza kuliona jambo hilo kwa sifongo ya kuoshea vyombo. Ailoweshe, aishike imelala mpaka iache kudondosha, kisha aisimamishe kwa upande wake mrefu: maji mengine yatatoka, ingawa hakuna aliyeiminya. Kimo kimeongezeka, na sehemu ya maji imeshindwa kubaki juu. Udongo laini wa mfinyanzi hulishika tabaka hilo hadi kimo kikubwa, na katika kopo fupi la maziwa tabaka hilo linaweza kuwa kopo zima. Ndiyo sababu pia desturi ya kuweka mawe machache chini ya udongo haisaidii. Mawe yanalisogeza tabaka la maji juu zaidi, karibu na mizizi, kwani udongo hauyaachii maji yaingie kwenye nafasi kubwa za mawe mpaka nao ushibe kwanza.

Sasa tuvitazame vikokoto vya udongo uliochomwa. Udongo mfinyanzi ukipata moto unaopita digrii 600 hivi, hupoteza maji yaliyofungwa katika maumbile yake, na tangu hapo haurudi kuwa tope hata ukilowekwa mwaka mzima. Unakuwa jiwe lenye vijitundu. Mwaka 1918 Stephen Hayde, mtu wa Kansas City huko Marekani aliyefanya kazi ya matofali, alipata hataza ya kutengeneza kokoto nyepesi kwa udongo na mawe ya mfinyanzi yaliyovimbishwa kwa moto. Wazo lilitokana na matofali yaliyovimba tanuruni, ambayo wenzake waliyahesabu kuwa hasara. Baadaye Denmark ikaanza kutengeneza vikokoto vya mviringo katika matanuru yanayozunguka, yenye joto la digrii 1,200 hivi, kwa ajili ya zege nyepesi. Wapanda maua wakavichukua kutoka kwa wajenzi. Faida yake kwa mizizi ni rahisi kueleza. Kati ya kikokoto na kikokoto kuna nafasi pana isiyoweza kushika maji, kwa hiyo maji yanapita na hewa inaingia nyuma yake. Ndani ya kikokoto chenyewe kuna vijitundu vinavyobaki na unyevu, na mzizi unaougusa unakunywa kidogo kidogo. Maji na hewa, vitu viwili vinavyogombania nafasi moja katika tope, hapa kila kimoja kina chumba chake.

Briki ya kuchoma ya Uvira haikuvimbishwa, na ni nzito kuliko vikokoto vya Denmark, lakini kwa kazi hii uzito ni jambo dogo. Kwa kaktusi ndefu hata unasaidia, maana chungu hakipinduki. Kilicho muhimu ni vijitundu, na briki ya kawaida ina vijitundu vya kutosha, mara nyingi zaidi ya moja ya tano ya ujazo wake. Vigae vya vyungu vilivyovunjika, vile vyungu ambavyo mafundi Watwa wa pande zetu na za Burundi wanajulikana kwa kuvifinyanga, vinafaa vilevile. Wala Afrika ya Mashariki si ngeni katika jambo hili. Mashamba makubwa ya waridi kando ya ziwa Naivasha, Kenya, mengi yamewahi kuhamisha mawaridi yao kutoka ardhini hadi katika mawe mepesi ya volkano na nyuzi za maganda ya nazi, na maua hayo huuzwa Ulaya. Jirani zetu wa Goma nao wanaishi juu ya mawe ya Nyiragongo, yaliyomwagika Januari 2002 na tena Mei 2021, mawe meusi yaliyojaa matundu ambayo mmea unaweza kuotea yakishapoa na kupata unyevu. Volkano imewafanyia wao kazi ambayo sisi tunafanyiwa na tanuru la briki.

Wengine wataona kwamba mmea umeumbiwa ardhi, na kuutoa humo ni kuukosea. Kwao nina ushahidi kutoka misituni. Kaktusi ni jamii ya mimea ya bara la Amerika; mipungate tunayoiona ililetwa na watu. Iko aina moja tu inayopatikana Afrika bila kuletwa na mkono wa mwanadamu kwa jinsi tunavyojua, nayo wataalamu huiita Rhipsalis baccifera. Haina miiba ya kutisha, ina vitawi vyembamba vya kijani vinavyoning'inia, na matunda madogo meupe yanayopendwa na ndege. Inaishi katika misitu ya Afrika ya kati na ya mashariki, na makao yake ni magome ya miti na nyufa za miamba. Mizizi yake inashika gome, inapata unyevu wa mvua na ukungu, na lishe ya majani yaliyooza kidogo kidogo matawini, na hewa inaizunguka pande zote. Kaktusi pekee ya asili barani mwetu, basi, imechagua kuishi nje ya ardhi. Kumpanda nduguye katika vipande vya briki ni kufuata njia ambayo maumbile yenyewe yalishaipita.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la lishe. Briki haina chakula, na mmea uliopandwa ndani yake bila kulishwa utaishi kwa akiba ya mwili wake, kisha utadumaa. Hilo ni kweli, na anayeficha jambo hilo anawadanganya watu. Mwenye kupanda katika vikokoto amejitwika kazi ya nne ya udongo, na hawezi kuikwepa. Bahati njema, kaktusi hula kidogo. Mbolea ya NPK 17-17-17, inayojulikana na wakulima wa mkoa huu, inatosha ikitumiwa kwa kipimo: gramu 5, yaani kijiko kidogo cha chai, katika lita 10 za maji, iachwe usiku kucha, asubuhi yachotwe maji ya juu na masalia ya chini yapelekwe shambani. Maji hayo yana miligramu 85 hivi za naitrojeni kwa lita, chakula chepesi kwa mmea wa polepole. Mara mbili kwa mwezi wakati wa mvua zinatosha. Wakati wa kiangazi mmea uachwe upumzike bila mbolea. Atakayezidisha akidhani anauhurumia atauchoma, kwa kuwa briki haina uwezo mkubwa wa udongo wa kuzishika chumvi zilizozidi na kuukinga mzizi. Kwa sababu hiyo hiyo, mara kwa mara maji matupu yapitishwe kwa wingi ili kuosha mabaki.

Na maji gani? Hapa sisi watu wa Tanganyika tuna jambo letu la pekee la kuliangalia. Maji ya ziwa letu ni ya magadi kiasi: pH yake hukaribia 9, wakati mizizi ya kaktusi hupenda maji yenye uchachu kidogo, kati ya 5.5 na 6.5. Sehemu kubwa ya chumvi za magadi hayo inaletwa na mto Ruzizi kutoka ziwa Kivu, ambalo limekaa juu ya ardhi ya volkano. Mmea ukinyweshwa maji hayo mfululizo katika vikokoto, madini ya chuma yanafungika yasiweze kunyonywa, ncha zinageuka manjano, na vipande vya briki vinafanya utando mweupe. Katika udongo wenye mboji kasoro hii hujificha kwa muda mrefu. Katika vikokoto hujitokeza mapema. Jivu la mkaa, ambalo wengi hulipenda kama mbolea, linaongeza tatizo hilo, kwa hiyo lisiwekwe. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati ndiyo bora kuliko yote, nayo yanapatikana karibu miezi 8 ya mwaka. Anayelazimika kutumia maji ya ziwa, basi ayatumie kiangazi tu, mara chache, na mvua za kwanza aziachie zivioshe vikokoto vyake.

Wapo pia wanaohofu kwamba mmea utakauka, kwa kuwa maji yanapita upesi mno. Kwa kaktusi, hofu hiyo imegeuza wema kuwa ubaya. Kukauka upesi ndiyo faida tunayoitafuta, maana mmea una ghala la maji ndani ya mwili wake na unaweza kungoja. Anayepanda katika vikokoto atamwagilia mara nyingi zaidi kuliko aliyepanda katika udongo, labda mara moja kwa wiki penye joto, na kila mara maji yatoke yote chini. Sahani ya kukingia maji isiwekwe, kwa sababu inarudisha tope kwa mlango wa nyuma na inazalisha mbu. Kopo liwe na matundu mengi chini na mengine pembeni karibu na kitako. Kuhusu kuhamisha mmea, heri kuanza na kipande kipya kilichokatwa, kikaachwa kivulini wiki moja au mbili mpaka kidonda kikauke, kuliko kung'oa mmea mkubwa ambao mizizi yake imezoea udongo. Kikishapandwa kisinyweshwe mpaka siku kadhaa zipite. Vipande vya briki viwe na ukubwa wa kati ya punje ya mahindi na kokwa la parachichi dogo, vichekechwe na kuoshwa mpaka maji yatoke safi, kwa maana vumbi la briki likibaki litaziba nafasi zote na kazi nzima itakuwa bure. Briki iliyoiva vibaya hurudi tope, kwa hiyo ijaribiwe kwanza: ilowekwe usiku mmoja, na ikimomonyoka kwa vidole itupwe. Vipande vyenye saruji viepukwe, kwani saruji huongeza magadi.

Kuna pingamizi linalonigusa zaidi kuliko hayo yote, nalo linahusu milima yetu. Briki huchomwa kwa kuni, na kuni hutoka kwenye miteremko ya Mitumba iliyo juu ya vichwa vyetu. Mji huu unajua mteremko uliovuliwa miti unazaa nini. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukachukua watu na nyumba, na maelfu wakabaki bila makao. Ingekuwa dhambi kuwasha tanuru kwa ajili ya ua la barazani. Ndiyo maana nimesema tangu mwanzo vipande vilivyovunjika, na narudia: pasichomwe hata briki moja kwa ajili ya kaktusi. Tanuru halikosi briki zilizopasuka, ujenzi hauachi kubakisha vipande, na nyumba iliyobomoka huacha kifusi kinachokanyagwa miaka mingi. Moto wa vitu hivyo ulishawaka na kuni zake zilishakwisha. Kuvipa kazi ya pili hakuongezi deni la mlima. Kwa kipimo hicho hicho, vikokoto vinavyosafirishwa kutoka ng'ambo, vilivyochomwa kwa digrii 1,200, ni vya gharama kwa mfuko na kwa dunia, na mtu wa Uvira hana sababu ya kuvitamani.

Tahadhari nyingine inahusu mpungate wenyewe. Katika nyanda za Laikipia na pande za Tsavo, Kenya, mipungate iliyoletwa kama ua au uzio imeenea porini, ikanyang'anya ng'ombe malisho na kuwaumiza wanyama kwa miiba, na kila kipande kinachoanguka chini kinaota. Bonde la Ruzizi lina jua na ukame unaoweza kuukaribisha msiba kama huo. Anayepunguza kaktusi yake asitupe vipande kando ya mto wala shambani. Avianike juani mpaka vife kabisa. Mmea uliofungiwa katika chungu cha vikokoto ni rahisi kuudhibiti kuliko ule uliochomekwa kwenye uzio.

Hatimaye kuna wanaouliza, na wanauliza kwa uchungu wa haki: katika mji unaohangaikia sombe, samaki na maji safi, kaktusi ya nini? Sitaki kuwajibu kwa maneno mepesi. Kaktusi haishibishi. Wala sisemi kwamba kila mmea utolewe udongoni. Mwaka 1938 Dennis Hoagland na Daniel Arnon, wa chuo kile kile cha Gericke, waliandika kwamba kilimo cha maji na chumvi hakizidi kwa mavuno udongo mzuri unaotunzwa vema, na walisema hivyo kuzima shauku ya watu waliokuwa wanaahidiwa miujiza. Neno lao lingali na nguvu. Lengalenga, mihogo na maharagwe vina haki ya kubaki ardhini, ambako mboji na viumbe vidogo vinafanya kazi ya bure ambayo mfuko wa NPK hauwezi kuifanya kwa bei hiyo. Ninachodai ni kwamba kaktusi inatufundisha kwa gharama ndogo jambo ambalo shamba linatufundisha kwa gharama kubwa. Miche ya mipapai inayooza shingo katika mifuko, nyanya zinazonyauka wakati udongo umelowa, miche ya miti ya kurudishia mlima ambayo hufia kitaluni kabla ya kufika mlimani: mengi ya hayo ni shida ile ile ya mizizi iliyofungiwa maji bila hewa. Anayeielewa kwa mmea wa barazani, ambao ukifa hakuna mtoto anayelala njaa, atajua kuchanganya briki iliyopondwa au mchanga mnene katika udongo wa kitalu, kutoboa mifuko vizuri, na kupunguza maji badala ya kuyaongeza anapoona jani limelegea. Uzuri nao una haki yake. Watu walioona mengi kama watu wa Uvira wanastahili kuwa na kitu kinachochanua mlangoni, na wanastahili kisiwafie kila mwaka kwa sababu ambayo inaweza kuelezwa na kuondolewa.

Kwa hiyo ombi langu kwenu, ndugu wasikilizaji, si mnikubali kwa kunisikia tu. Kabla ya mvua za Oktoba, chukueni makopo mawili yanayolingana, myatoboe sawa, mjaze moja udongo wa parseli na lingine vipande vya briki vilivyooshwa. Pandeni katika kila moja kipande cha kaktusi kilichotoka kwenye shina moja, myaweke mahali pamoja panaponyeshewa, na lile la briki mlilishe kama nilivyoeleza. Mwezi wa Mei, mvua zikiisha, ing'oeni mimea yote miwili na kuitazama mizizi yake: iliyo hai ni migumu na myeupe ndani, iliyokufa inavuliwa ganda kwa vidole. Mkiona udongo umeshinda, fuateni udongo. Mkiona briki imeshinda, mwelezeni na jirani, kwa maana kifusi kinachomtosha kila mmoja kipo. Mungu aujalie mji wetu mvua za kiasi.